Nilivyoomba Kubadilishiwa Muuguzi Wodini, na Makosa Niliyoyafanya Kabla na Baada

Nililala hospitalini usiku tisa nilipokwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza, na usiku wa saba ndio wa kwanza nilioupitisha bila kushtuka kila niliposikia viatu vya muuguzi vikija upande wa kitanda changu. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeomba nihudumiwe na muuguzi mwingine, na ombi langu likakubaliwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimekosea mara tatu, na baada ya kukubaliwa nikakosea mara ya nne, kosa ambalo lilikuwa la hatari kuliko yale mengine yote. Ninaandika kwa sababu wanawake wengi niliozungumza nao tangu wakati huo waliniambia kwamba hawakujua kuwa jambo hilo linaweza kuombwa katika hospitali ya serikali, na wale wachache waliothubutu walianza kama nilivyoanza mimi, yaani kwa kelele.

Hospitali yenyewe ni ya serikali, ipo Dar es Salaam, na sitaitaja. Nilipokelewa siku ya Jumamosi, mimba ikiwa na wiki 37, baada ya kipimo cha kliniki kuonyesha presha ya 158 kwa 104 pamoja na protini katika mkojo. Niliambiwa kwamba hizo ni dalili zinazoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba na kwamba sitarudi nyumbani. Jumatatu walinianzishia uchungu, njia ikagoma kufunguka zaidi ya sentimita nne, na alfajiri ya Jumanne nikapasuliwa. Mtoto alikuwa wa kike, uzito kilo 2.4. Nilikaa saa 24 katika chumba cha uangalizi nikichomwa sindano za kuzuia kifafa, na kuhusu wauguzi wa chumba kile sina neno ila shukrani. Jumatano mchana nikahamishiwa wodi ya wazazi, kitanda namba 14, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Nianze na hali ya wodi, maana bila kuieleza nitakuwa nimemwonea mtu. Vilikuwapo vitanda 22, na vingine vilikuwa na wazazi wawili wawili, kila mmoja na mtoto wake. Zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wawili tu. Mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa na mikono myepesi sana ya kazi, ndiye aliyeangukia upande wetu, na kwa kuwa wauguzi pale hupangwa usiku kadhaa mfululizo, nilikuwa naye Jumatano na nikawa naye tena Alhamisi.

Usiku wa kwanza, yapata saa sita, ganzi ya upasuaji ilikuwa imekwisha zamani na dawa ya mchana nayo imeniishia mwilini. Nilimwita nikamwomba sindano ya maumivu. Alinijibu bila kusimama kwamba mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa amepasuliwa mara ya tatu na hakuwa analia. Sikupewa kitu hadi asubuhi. Kabla jua halijachomoza alirudi kunikagua kidonda, akaifunua kanga yangu hadi kifuani na kuiacha hivyo akienda kutafuta pamba, wakati ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wameanza kuingia na chupa za uji. Nilijifunika mwenyewe. Aliporudi alinigombeza kwa kugusa kidonda kwa mikono isiyo safi, na katika hilo, kwa kweli, alikuwa na haki. Kisha akanishika titi na kuliminya kwa nguvu ili mtoto apate kunyonya, akasema kwa sauti ya wodi nzima, "Msomi mzima, kunyonyesha hujui." Sijui alijuaje kama nimesoma, labda aliona kazi yangu kwenye faili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza siku nzima ya Alhamisi. Wauguzi wa asubuhi walipita, madaktari walipita katika mzunguko wao, daktari mmoja akaniuliza kabisa, "Mama, una shida yoyote?" nami nikajibu kwamba sina. Nilijiambia kwamba mzazi hapaswi kuwa mtu wa malalamiko, na kwamba nikisema nitaonekana ninadeka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu aliyelala na mshono tumboni, ambaye hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, ana sababu nzuri ya kumwogopa anayemshika mkono huo. Hata hivyo ule mchana ndio uliokuwa wakati mzuri wa kuzungumza, kwa kuwa aliyenitendea hivyo hakuwapo, wakubwa wake walikuwapo, na mimi sikuwa bado na hasira.

Kosa la pili lilifanywa na mume wangu kwa nia njema. Jioni ya Alhamisi, wakati wa kuona wagonjwa, nilimsimulia huku nikilia. Hakunijibu neno. Nilikuja kujua baadaye kwamba alipokuwa akitoka alikutana na muuguzi huyo akiingia kazini, akampa shilingi 20,000 zilizokunjwa ndani ya karatasi, "ya soda", akamwomba amwangalie mkewe. Saa mbili usiku muuguzi alikuja moja kwa moja hadi kitandani kwangu, akaziweka zile noti juu ya mto mbele ya macho ya wote, akasema, "Mwambie mumeo mshahara ninalipwa." Nilitamani ardhi inimeze. Nimelifikiria sana tukio hilo tangu wakati huo. Alikuwa mkali, alikuwa mkorofi, lakini hakuwa mla rushwa, na sisi ndio tuliokuwa tumevunja sheria, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humhesabu mtoaji kuwa na kosa sawasawa na mpokeaji. Zaidi ya hapo, tulikuwa tumempa silaha: malalamiko yoyote ambayo ningeyatoa kuanzia dakika ile yangeweza kusikika kama kisasi cha watu waliokataliwa hongo yao.

Kosa la tatu nililifanya mwenyewe saa chache baadaye. Alikuja kumtazama mtoto, akaanza tena kunishika titi kwa namna ile ile, nami nikamsukuma mkono nikapiga kelele: "Sitaki unishike! Sitaki huyu anihudumie!" Wodi ilinyamaza kimya. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekuja kumwuguza binti yake mgonjwa sana na kwa hiyo akaruhusiwa kulala pale, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa si nyumbani. Vumilia utaondoka." Muuguzi alikunja mikono akasema, "Basi, sikushiki," na akatimiza neno lake. Hakuna aliyekuja kitandani kwangu hadi alfajiri, si yeye wala mwenzake, ambaye nadhani alikuwa ameambiwa kwamba mgonjwa wa kitanda namba 14 amekataa huduma. Ndivyo maneno yangu yalivyoandikwa: asubuhi niliona katika faili kwamba nilikataa kuhudumiwa. Kuna tofauti kubwa kati ya kukataa huduma na kuomba huduma itolewe na mtu mwingine, na mtu aliye katika maumivu haioni tofauti hiyo wakati anapofungua mdomo. Fikiria kama usiku ule ningetokwa na damu nyingi.

Alfajiri ya Ijumaa nilimpigia wifi yangu, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja nje ya jiji. Nilitegemea anihurumie. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Umemwambia nani?" Nikamjibu kwamba nimemwambia mwenyewe, mbele ya watu wote. Akacheka kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi kazi yao inavyopangwa, na maelezo yake ya dakika kumi yalikuwa na faida kuliko machozi yangu yote ya siku mbili.

Aliniambia kwamba daktari si mtu wa kumwomba jambo hilo, kwa sababu daktari hapangi zamu za wauguzi; atakusikiliza, atakuonea huruma, kisha ataendelea na mzunguko wake. Anayegawa wauguzi kwa vitanda ni msimamizi wa wodi, yule ambaye wenyewe humwita inchaji, na juu yake yuko Muuguzi Mfawidhi wa hospitali, ambaye wengi bado humwita metroni. Aliniambia pia kwamba siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kwamba nikiiacha ipite, Jumamosi na Jumapili huenda nisimpate yeyote kati ya hao wawili, nibaki na kiongozi wa zamu tu, ambaye mara nyingi hana mtu wa kumbadilisha na mwingine. Saa nzuri ni baada ya wauguzi wa asubuhi kukabidhiwa wodi na madaktari kumaliza kupita. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kukabidhiana zamu yenyewe, kwa kuwa kila mtu ana haraka na anayelalamikiwa bado amesimama pale pale.

Kisha akanifundisha namna ya kusema, na sehemu hii ndiyo ningependa kila mjamzito aisome kabla hajaingia leba. Usianze na tabia ya mtu, alisema. Ukisema "ana roho mbaya" au "ananichukia", msimamizi atalazimika kumtetea mwenzake, kwa kuwa anamjua kwa miaka na wewe anakujua kwa siku mbili. Taja kitendo, saa kilipotokea, na kilivyokuathiri. Uwe na ombi moja la kwanza, na ombi la pili la kuangukia iwapo la kwanza haliwezekani, maana wauguzi wakiwa wawili kwa vitanda 22 jibu la "hatuna mtu" linaweza kuwa kweli tupu. Na la pesa, liseme wewe kabla hujaulizwa.

Niliandika kwenye karatasi iliyobanduliwa kutoka nyuma ya daftari la mume wangu. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini kuandika kulinisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea: mambo ambayo kichwani yalikuwa mlima, katika karatasi yalikuwa mistari minne. Saa sita usiku wa Jumatano niliomba dawa ya maumivu, sikupewa hadi asubuhi. Alfajiri nilifunuliwa mwili mbele ya watu, pazia halikuvutwa. Mara mbili nilishikwa titi bila kuambiwa wala kuombwa. Usiku wa Alhamisi nilipiga kelele kwamba sitaki kuhudumiwa, na tangu hapo sikupimwa presha.

Msimamizi wa wodi alikuwa mama wa rika la mama yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, nikamwomba dakika tano zake, ikiwezekana pembeni. Alivuta pazia la magurudumu lililokuwa limeegeshwa ukutani siku zote hizo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilianza na pesa. Nikamweleza kwamba mume wangu alikosea, kwamba sikumtuma, na kwamba muuguzi alifanya vizuri kuzirudisha. Nilimwona usoni kwamba habari hiyo alikuwa nayo tayari na alikuwa akingoja nione haya kuitaja. Baada ya hapo nikamsomea mistari yangu minne, nikasema: "Ninaomba, kama inawezekana, usiku wa leo nihudumiwe na muuguzi mwingine. Kama haiwezekani, ninaomba pazia livutwe ninapokaguliwa, niambiwe kabla ya kushikwa, na dawa yangu ya maumivu nipewe kwa saa zilizoandikwa."

Alichukua faili langu akalifungua mbele yangu. Dawa ya maumivu ilikuwa imeandikwa na daktari itolewe kila baada ya saa nane, na katika kisanduku cha saa sita usiku wa Jumatano hapakuwa na sahihi. Hakusema neno baya juu ya mwenzake, wala sikumtegemea aseme. Aliniambia tu, "Hapa pana pengo, nimeliona." Halafu akanieleza atakachofanya, nacho kilikuwa kidogo na cha busara: hatamwondoa mtu zamu, kwa sababu hana mwingine wa kumweka, ila atazigeuza pande za wodi, yule awe na vitanda vya upande wa dirisha na mwenzake aje upande wetu. Kwa maneno mengine, nilibadilishiwa muuguzi bila mtu yeyote kuondolewa mahali pake wala kuaibishwa. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba jambo lililoninyima usingizi lingeweza kumalizwa kwa kugeuza pande.

Nilipokuwa bado na hasira, mume wangu alikuwa ametaka tuende mbali zaidi. Alikumbusha kesi ya Bungoma nchini Kenya, ambako mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Wifi yangu naye alikuwa ametutajia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2010 ndilo linalosajili wauguzi na linaloweza kuwachukulia hatua za nidhamu. Milango hiyo ipo na ni vyema kuijua. Mtu aliyepigwa, aliyetelekezwa akijifungua peke yake, au aliyedaiwa pesa ili ahudumiwe, asiishie kwa msimamizi wa wodi. Lakini mama wa Bungoma alingoja karibu miaka mitano, nami haja yangu ilikuwa ya usiku ule ule, na kwa haja ya usiku ule mtu wa kumwendea alikuwa amekaa chumba cha tatu kutoka kitandani kwangu.

Sasa nifike kwenye kosa la nne, ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo, hata wifi yangu.

Muuguzi mpya alikuwa binti mdogo, mpole, aliyejitambulisha kwa jina na kuniuliza mtoto anaitwa nani. Nilifurahi mno kiasi kwamba sikumwuliza lolote. Nilikuwa ninatumia dawa ya kushusha presha mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Yule wa kwanza, pamoja na ukali wake wote, alikuwa amenipa dawa hiyo Jumatano kwa saa yake kamili, na Alhamisi aliniachia vidonge juu ya meza kabla ya ule ugomvi. Alikuwa anaijua historia yangu kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyenihudumia tangu usiku wangu wa kwanza pale wodini. Pande zilipogeuzwa, mafaili ya upande wetu yalibaki kwenye toroli la upande wa dirisha, na maneno ya makabidhiano yalizungumzwa mbele ya toroli hilo, mbali na vitanda. Saa nne usiku ilipita. Mimi nilikuwa usingizini kwa raha, usingizi wa kwanza wa kweli tangu Jumamosi.

Niliamka saa nane usiku kichwa kikinigonga na macho yakiona vimulimuli. Kliniki walikuwa wametufundisha kwamba kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu chini ya kifua upande wa juu wa tumbo ni dalili za hatari, na kwamba hatari hiyo haiishi mtoto anapozaliwa. Niliyajua yote hayo, na bado nilikaa karibu nusu saa nikijiambia ni uchovu, kwa sababu sikutaka kuwa mgonjwa msumbufu mbele ya muuguzi niliyemwomba mwenyewe. Nilipomwita, alipima akakuta 168 kwa 112. Alikimbia kumwita daktari. Nilipewa dawa, nikapimwa kila baada ya dakika chache, na kulipokucha presha ilikuwa imeshuka. Yule binti alilia. Alidhani kosa lilikuwa lake peke yake.

Kwa hiyo anayebadilishiwa muuguzi ajue kwamba anaagana pia na kumbukumbu ya yule anayeondoka. Muuguzi mpya akija, kabla ya furaha, mwambie mwenyewe kwa kinywa chako: nilipasuliwa siku fulani kwa sababu fulani, ninatumia dawa fulani, dozi inayofuata ni saa fulani, presha yangu ya mwisho ilikuwa kadhaa. Mwombe alete faili na alisome akiwa amesimama hapo. Tangu usiku ule nilizoea kuandika saa za dawa kwenye kipande cha plasta nilichokibandika ukingoni mwa meza, na wauguzi wawili walinisifu kwa hilo, mmoja akacheka kwamba nimefungua ofisi.

Siku zilizobaki hazina mengi. Jumamosi usiku yule binti hakuwa zamu na mpango wa pande haukuwa umeandikwa katika kitabu cha ripoti cha wodi, hivyo nikamwona yule wa kwanza akija tena upande wetu. Nilimwita kiongozi wa zamu, nikamweleza kwa sauti ya chini kile tulichokubaliana na msimamizi Ijumaa. Akanisikiliza, akageuza pande, na mara hii akaandika. Laiti ningeomba iandikwe siku ile ile.

Hapa niongeze jambo lililompata jirani yangu wa kitanda namba 15, kwa kuwa linahusiana na hili. Yeye hakutaka kuhudumiwa na mkunga mwanamume, kwa sababu za dini na za mumewe, na alilisema jambo hilo mapema kabisa, wakati wa kupokelewa, kabla ya uchungu kushika. Waliliandika juu ya faili lake, wakamweleza pia kwamba ikitokea dharura atahudumiwa na yeyote aliyepo, naye akakubali. Hakupata shida. Ninaona ombi la namna hiyo likitolewa njia ikiwa imefunguka sentimita tisa na wodi ina mkunga mmoja, halina nafasi ya kutimizwa, na lawama haitakuwa ya mkunga.

Gharama nazo nizitaje, kwa kuwa watu huniuliza. Kubadilishiwa muuguzi hakukutugharimu hata senti moja. Zilizotuishia ni nauli za bajaji mara tatu kwa siku za kuleta mtori, supu na uji wa pilipili manga, pamoja na glovu, pamba na baadhi ya dawa ambazo siku hizo hazikuwapo stoo. Zile 20,000 zilizorudishwa juu ya mto tuliongezea kununulia mtoto blanketi.

Jumatatu asubuhi, wakati wa kuruhusiwa, kijana mmoja wa kitengo cha huduma kwa wateja alinipa fomu ya maoni. Swali la kwanza liliuliza nilihudumiwaje, nami nikaweka alama kwenye "vizuri" bila kufikiri, kwa kuwa mama yangu alikuwa mlangoni na mtoto begani na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Baadaye nilisoma juu ya utafiti uliofanyika mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, ambapo asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakitoka kituoni walisema walitendewa bila staha wakati wa kujifungua, lakini baadhi yao walipohojiwa tena majumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Nilijitambua katika pengo hilo. Mlangoni kwa hospitali mtu husema lolote litakalomfikisha nyumbani.

Katika wiki ya sita, nilipompeleka mtoto chanjo, nilikwenda na barua ya ukurasa mmoja kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa Muuguzi Mfawidhi. Sikutaja jina la muuguzi yeyote. Niliandika juu ya dozi isiyotiwa sahihi, pazia lililoegeshwa ukutani, na makabidhiano yaliyofanywa mbali na kitanda. Niliomba mambo mawili: wauguzi wakabidhiane wagonjwa wakiwa mbele ya kitanda cha kila mgonjwa, na pawepo tangazo ukutani linalomweleza mzazi amwone nani akiwa na ombi kuhusu anayemhudumia, kwa kuwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inataka kila mwanamke atendewe kwa staha na apewe taarifa, na taarifa ya namna hiyo haihitaji fedha wala muuguzi wa ziada.

Karani wa masjala aliipokea, akaigonga muhuri nakala yangu, akaniambia nitajibiwa. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilipishana na yule muuguzi wa kwanza akipanda na mkoba wake wa kazini. Alinitambua. Akamtazama mtoto, akauliza, "Ananyonya?" Nikamjibu kwamba ananyonya vizuri. Akasema, "Haya," akaendelea na njia yake, nami nikaikunja ile nakala nikaiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo ipo mpaka leo.